Feni ya Ghala: Iwashwe kwa Mkono au Ijiwashe Yenyewe?



Tumepokea swali moja kutoka kwa wanachama wengi, na swali lenyewe ni hili: ikiwa kikundi chataka kutia feni katika ghala lake la karafuu, je, kinunue feni ya kuwashwa na kuzimwa kwa mkono, au kinunue ile ijiwashayo na kujizima yenyewe kwa saa au kwa kipimo? Swali hili ni la haki. Tofauti ya bei si ndogo, na fedha itakayotumika ni jasho la wanachama. Tena mali itakayowekwa mbele ya feni hiyo ni mavuno ya msimu mzima.

Hatukutaka kujibu kwa kubahatisha. Basi tulipopata safari ya Kigoma kwa shughuli nyingine, tuliazimia kutazama jinsi watu wa kule wanavyoitumia hewa katika maghala yao, na haya ndiyo tuliyoyaona.

KIGOMA NA KARAFUU WAPI NA WAPI?

Pengine mtatuuliza hivyo, na mtakuwa na haki. Kigoma ni mwisho wa reli iliyofika ziwani mwaka 1914. Iko mbali na bahari yetu kwa mwendo wa kilomita zaidi ya 1,200, nayo haina mkarafuu. Lakini visiwa vyetu na mwambao wa Tanganyika si wageni. Tangu zamani za misafara Ujiji ilikuwa bandari ya watu wa pwani waliotoka Unguja, na hata leo mgeni wa visiwani akitembea katika mitaa ya Ujiji, chini ya miembe, husikia Kiswahili kisichomtia shida.

Kinachotuunganisha zaidi katika jambo hili ni kazi ya kuanika. Sisi twaanika karafuu, wao waanika dagaa. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza na taa zao, asubuhi mashua hurudi Kibirizi na Katonga, na kina mama hupokea dagaa mabichi na kuyatandaza juani. Wengine huanika juu ya mchanga na changarawe, wengine juu ya vichanja vya waya au nyavu vilivyoinuliwa kutoka ardhini, na hivi vya juu ni bora, maana hewa hupita chini na juu. Jua likiwa kali dagaa hukauka kwa siku moja. Karafuu zetu hutaka siku nne hadi saba. Lakini hesabu zafanana, kwani sisi twahitaji kilo tatu hivi za karafuu mbichi kupata kilo moja kavu, nao huona uzito wa dagaa ukipungua vivyo hivyo. Kilichotoka ni maji, na maji yakitoka mara moja yaweza kurudi. Hapo ndipo ghala linapoanza kuwa na maneno.

KISA CHA SAA ISIYO NA PUA

Tulikutana na mfanyabiashara mmoja wa dagaa aliye na ghala la kutosha karibu na ziwa. Jina lake hatulitaji, kwani alitueleza hasara yake kwa uaminifu, wala si vyema kumlipa kwa kumtangaza. Alikuwa na feni mbili ukutani, moja ya kuingiza hewa na moja ya kutoa. Kwa miaka mingi feni hizo zilikuwa mikononi mwa mzee mmoja, mlinzi wa ghala. Mzee huyo hakuwa na kipimo chochote. Alitoka nje, akasimama, akanusa upepo wa ziwa, akashika gunia kwa kiganja, kisha akawasha au akaacha.

Mwenye ghala akaona gharama. Wakati mwingine mzee alikwenda mazikoni, feni zikalala mchana mzima na hewa kavu ikapita bure. Wakati mwingine alisinzia, feni zikazunguka hadi asubuhi na umeme ukaliwa. Basi akanunua saa ya kuwashia, ile iwekwayo katika ubao wa swichi. Akaipanga iwashe feni saa mbili ya usiku na kuzima saa kumi na mbili asubuhi, maana usiku hewa ni baridi. Kisha akamwambia mzee kwamba kwa kazi ya feni hahitajiwi tena.

Kiangazi kilipita salama. Katika miezi ya upepo wa kusini hewa ya Kigoma ni kavu, na saa ile ilifanya kazi kama mtumishi asiyechoka. Mwenye ghala akajisifu. Kisha mvua za kwanza zikaingia. Saa haikujua kwamba mvua inanyesha. Ilipofika saa mbili ya usiku iliwasha feni kama ilivyoamriwa, ikavuta ndani hewa mbichi ya mvua muda wa saa kumi, usiku baada ya usiku. Wiki ya tatu magunia yaliyokuwa karibu na feni ya kuingiza hewa yalianza kulegea, yakanuka, na ukungu ukaonekana katika mishono. Mali ile ilikuwa imekwisha kuagizwa, na mnunuzi aliikataa.

Tulipomkuta yule mzee amekwisha kurudishwa kazini. Tulimwamkia, tukamwuliza aonaje habari ya mashine ile. Alicheka kidogo, akasema, "Wanangu, saa ile ni nzuri, lakini haina pua."

Tumelichukua neno hilo hadi visiwani.

HESABU YA MAJI YALIYOMO HEWANI

Ili mjue kwa nini saa ilikosea, hapana budi tufanye hesabu kidogo. Hewa hubeba maji tusiyoyaona, na kadiri ilivyo moto ndivyo iwezavyo kubeba zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye joto la digrii 20 za sentigredi yaweza kubeba gramu 17 hivi za maji na si zaidi. Ya digrii 30 yaweza kubeba gramu 30. Tusikiapo kwamba unyevu wa hewa ni asilimia 60, maana yake ni kwamba hewa imebeba sehemu 60 katika kila 100 za kile iwezacho kubeba kwa joto lile.

Sasa chukueni ghala lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 6 na kimo cha mita 4. Ujazo wake ni mita 240. Ndani pana joto la digrii 28 na unyevu wa asilimia 65, yaani gramu 18 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Nje ni usiku wa mvua, digrii 24 na unyevu wa asilimia 95. Mtu husema, "Nje kuna baridi, washa feni." Lakini hewa ile ya nje ina karibu gramu 21. Kila mita iingiayo yaleta gramu 3 za maji ambazo hazikuwamo. Feni iingizayo mita 1,200 kwa saa huleta zaidi ya lita 3 za maji kwa saa, na kwa saa kumi za usiku huwa kiasi cha ndoo mbili kubwa zikikaribia kujaa. Si yote yakaayo, nyingine hutoka tena kwa feni ya pili. Lakini ghala linapopoa, mali kavu hunyonya sehemu yake, na karafuu kavu hunyonya kama kitambaa.

Kinyume chake pia ni kweli. Mchana wa jua, digrii 30 na unyevu wa asilimia 50, hewa ina gramu 15 tu. Hiyo hutoa maji ghalani ingawa ni ya moto. Kwa hiyo baridi peke yake si dalili, na joto peke yake si dalili. Jambo la kuuliza ni moja: hewa ya nje ina maji machache kuliko ya ndani, au mengi?

AINA ZA KUENDESHA FENI

Ya kwanza ni mkono. Swichi moja, mtu mmoja. Uzuri wake ni kwamba mtu huona wingu, husikia harufu ya kuvunda, hujua leo kuna mzigo mbichi umeletwa. Tena ni rahisi kununua na fundi yeyote hutengeneza. Ubaya wake ni kwamba mtu huugua, husafiri, husahau, na saa nzuri za kupitisha hewa hazimngoji.

Ya pili ni saa. Huweza kuaminika kwa muda lakini haijui hali. Yafaa mahali ambapo kazi yenyewe hufuata saa, mathalan jiko la hoteli au karakana ambamo watu huingia na kutoka kwa saa maalumu. Kwa ghala la mazao saa peke yake haifai, na kisa cha Kigoma ni ushahidi wa kutosha.

Ya tatu ni themostati, yaani kipimo cha joto kiwashacho feni joto likipita kiasi kilichowekwa. Yafaa chumba cha mashine au cha jenereta, ambamo adui ni joto. Katika ghala la karafuu yaweza kukosea kama saa, kwani haiulizi habari za maji.

Ya nne ni kipimo cha unyevu. Na hapa angalieni sana, maana vipo vya namna mbili. Kipo kipimacho ndani tu, kikawasha feni kila ndani panapokuwa na unyevu. Hicho siku ya mvua hufanya kosa kubwa kabisa: ndani pana unyevu, kinawasha feni, hewa mbichi zaidi inaingia, unyevu unazidi, feni haizimi. Na kipo chenye vipimo viwili, kimoja ndani na kimoja nje, pamoja na vipimo vya joto. Hicho hufanya ile hesabu tuliyoieleza hapo juu, na hukubali feni izunguke wakati hewa ya nje ni kavu tu. Hicho ndicho chenye pua.

Kuna jambo la mwendo pia. Feni nyingine zina kidhibiti mwendo. Wanachama wajue kanuni hii: ukipunguza mwendo wa feni hadi nusu, hewa ipitayo huwa nusu, lakini umeme utumikao hushuka hadi karibu sehemu moja katika nane. Kwa hiyo feni kubwa izungukayo polepole ni nafuu kuliko feni ndogo ipigayo kelele, na kuziba mdomo wa feni kwa ubao ili kupunguza hewa ni kupoteza fedha.

Na pangaboi la darini? Hilo huchezesha hewa ile ile iliyomo ndani. Huburudisha watu, lakini halitoi unyevu nje hata mara moja.

MABAHARIA WALIJUA ZAMANI

Tukiwa Kigoma hatukuweza kuacha kuitaja meli ya Liemba, ambayo kila mtu wa ziwani huijua. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa katika masanduku hadi Kigoma, ikateremshwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina jipya. Watu wengi walipanda na mizigo mingi ilipakiwa kwa miaka mingi mno baada ya hapo.

Twaitaja kwa sababu mabaharia ndio walimu wa zamani wa jambo hili. Katika meli za enzi ya mvuke hewa ya ghala iliingia kwa mabomba yenye midomo mipana kama tarumbeta, na baharia aliyageuza kwa mkono kuelekea upepo au kuyapa kisogo. Akikosea, shehena ilitoka jasho: maji yalishika mabati ya dari na kudondoka juu ya magunia. Kwa mizigo inyonyayo maji, kama nafaka na mazao makavu, wanayo kanuni rahisi hadi leo. Pima joto la shehena wakati wa kupakia. Baadaye pitisha hewa ikiwa tu joto la nje ni pungufu kwa digrii 3 au zaidi ya joto lile la shehena. La sivyo, funga. Kanuni hiyo si kamili kwa nchi kavu, tena usiku wa mvua yaweza kumdanganya mtu, lakini yaonyesha kwamba hata mkono wa mtu hutaka kanuni, si kunusa peke yake.

Kwa asiye na mashine tunashauri vipimajoto viwili vya kawaida vilivyotundikwa kivulini, kimoja kikavu, kimoja kimefungwa kitambaa cha pamba kilicholowa maji safi na kupepewa. Vikionyesha 30 na 24, unyevu ni kama asilimia 61. Vikionyesha 24 na 23, unyevu umepita asilimia 90, funga madirisha. Tofauti kubwa ni hewa kavu, tofauti ndogo ni hewa mbichi. Mtoto wa skuli aweza kusoma vipimo hivyo kila asubuhi na jioni na kuandika.

UMEME NA HATARI ZAKE

Kigoma kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo ya dizeli, na watu wake wanajua maana ya kukatikiwa. Sisi nasi hatuhitaji kufundishwa. Unguja ilikaa gizani kwa wiki kadhaa mwaka 2008 waya wa baharini ulipoharibika, na tena tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya zimekuja tangu hapo, Pemba mwaka 2010 na Unguja mwaka 2013, lakini mwenye ghala mwenye busara hajengi mlango wa feni bila dirisha la kufunguka kwa mkono.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni umeme kurudi. Feni ijiwashayo haibishi hodi. Mtu amepanda ngazi kusafisha vumbi, umeme haupo, anadhani feni imekufa. Mara umeme warudi, kipimo chasema washa, na vidole vimekwenda. Kwa hiyo tunasema kwa mkazo: asiyezima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli, na ufunguo akautia mfukoni mwake mwenyewe, asiguse feni. Na kila feni iwe na wavu.

Hatari ya pili ni moto. Feni hupepea moto kama mhunzi apepeavyo kwa mivukuto. Palipo na moshi feni izimwe kwanza, na swichi ya kuzimia iwe nje ya mlango, si ndani.

Ya tatu ni dawa ya kufukiza. Ghala likitiwa vidonge vya fosfini ili kuua wadudu, kipimo kisiachwe kiwashe feni chenyewe na kutoa sumu kwa majirani. Zimeni kabisa muda wote wa dawa, kisha mtu mwenye ujuzi awashe kwa mkono wakati wa kutoa hewa, na asiingie mtu hadi imethibitishwa kwamba ni salama. Gesi hiyo huua watu kama iuavyo wadudu.

SHAURI LETU

Kwanza, feni haikaushi karafuu zilizoingia mbichi. Gunia lililoshonwa halipitishi hewa ya kutosha. Karafuu ziingie ghalani zikiwa kavu hasa, zikivunjwa zikatike kwa sauti, makonyo yametengwa. Magunia yawekwe juu ya vichaga, mbali na ukuta. Bila hayo, feni ni pambo.

Pili, mkulima mmoja mwenye magunia machache asinunue feni. Anunue vipimajoto viwili, na atumie madirisha yake vizuri.

Tatu, kikundi chenye ghala kubwa kinunue feni yenye kipimo cha ndani na nje, na pasikosekane swichi ya vituo vitatu: mkono, zima, yenyewe. Fundi akisema mkono hauhitajiwi, mtafuteni fundi mwingine.

Nne, feni isizunguke kupita haja. Karafuu huuzwa kwa mafuta yake, na hewa ya moto ipitayo bure mchana kutwa huondoka na harufu ambayo ndiyo bei. Hata umeme nao ni hivyo hivyo: feni ya nusu kilowati ikizunguka mchana na usiku hula yuniti 12, ikizunguka saa nane nzuri tu hula 4.

Tano, wekeni daftari. Saa feni ilipowaka, ilipozima, vipimo vilisema nini, nani aliyekuwa zamu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kipimo cha unyevu nacho huzeeka na kusema uongo, na njia ya kukigundua ni kukilinganisha na vile vipimajoto viwili kila mwezi na kuandika.

Sita, na hili tunalisema kwa sababu baadhi ya wanachama wametuuliza: je, mlinzi wa ghala aachishwe? Jibu letu ni hapana. Yule mfanyabiashara wa Kigoma ameondoa saa, ametia kipimo chenye pua, na mzee amebaki. Mashine hufanya kazi usiku wakati mzee amelala. Asubuhi mzee husoma vipimo, hushika magunia, na akiona jambo lisilompendeza hugeuza swichi kwenye mkono na kumwita mwenye mali. Tulimwuliza mwenye mali kama gharama si mara mbili. Alituonyesha pembe ya ghala yalipooza magunia yale, akasema gharama aliyolipa hapo ingetosha mshahara wa mzee kwa miaka mingi.

Wanachama walio na feni ghalani mwao, ya namna yoyote, tunaomba watuletee habari zake kabla ya msimu mpya: imewafaa, au imewatia hasara? Tutazichapa bila kutaja majina, ili anayejenga ghala mwaka huu asilipe ada ya somo ambalo mwenzake amekwisha kulilipia.

Tunawatakia jua jema na karafuu kavu.